Mfongo wa Baba Ndani ya Kioo

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka naona haya mpaka leo, na hamu pia. Nilikuwa kijana, fundi vioo pale Majengo, miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani na kila mwenye hoteli akataka tanki la samaki mapokezi. Niliunda mengi. Lakini mambo ya ndani ya maji sikuyajua, wala sikuyauliza.

Baba alikuwa ameletwa mjini kutoka kwetu Kibosho, mlimani, kutibiwa, akilala chumbani kwangu, miguu imekataa. Hakulilia chakula. Alililia mfongo, ule mfereji unaopita kihambani kwetu, katikati ya migomba na kahawa.

"Ningeyaona tu yale maji," alikuwa akisema.

Nikaamua kumletea. Nilipanda Kibosho nikachukua mawe, majani ya majini na udongo wenye samadi. Nikashuka Chekereni, kwenye mifereji ya mpunga, nikavua perege wadogo. Yote kwa siku mbili! Tanki nikaliweka dirishani, lipate jua la kutwa. Baba alipoliona alinishika mkono. Nilijiona fundi kweli.

Siku ya nne maji yakawa kijani kibichi. Asubuhi samaki walikuwa juu wakihema, ilipofika mchana, wote wamekufa. Baba akageukia ukutani.

Siku hiyohiyo akaja Shangazi Rozalia, dada yake Baba, mwalimu wa baiolojia aliyestaafu. Nikamwamkia, shikamoo. Aliitikia macho yakiwa kwenye tanki.

"Nani kawaua hawa?"

"Bahati mbaya, Shangazi."

"Bahati gani? Samadi, jua, na samaki wamerundikana kama sokoni. Umepamba tu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Maneno yaliniingia, mwanangu. Akaketi akanieleza: kwamba majani nayo huvuta hewa giza likiingia, kwamba maji mapya yangoje wiki kadhaa, mpaka vijidudu vinavyosafisha uchafu vizaliane, kwamba samaki wawe wachache. Nikafuata yote. Mchanga nikauosha, majani nikayapanga mistari kama bustani ya shule. Samaki wapya wakaishi.

Baba akatazama, akatikisa kichwa. "Hili ni karai la hospitali."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Hapo na mimi nimekosa, kaka. Haya, tuelekeze wewe."

Tukasogeza kitanda. Baba akanyoosha kidole. "Lile jiwe lilaze. Maji yetu yanapinda pale, halafu yanajificha." Tulifanya kazi siku nzima, watu watatu. Sijapata siku nyingine kama ile.

Baba alilitazama tanki lile hadi masika, ndipo tukampandisha Kibosho kumzika. Shangazi naye alimfuata baada ya miaka michache. Mfongo wenyewe siku hizi hauna maji. Nikienda husimama pale ukingoni, nikasikiliza, wala sisikii kitu.

Basi nakuusia. Ukitunza chenye uhai, jifunze kwanza kinavyoishi. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na mapenzi yasiyo na maarifa huua. Ukishajua, usiishie kwenye vipimo. Muulize unayemtengenezea moyo wake unatamani kuona nini, kisha mpe mkono wako wote.

Mungu akujalie subira, mwanangu, na akuwezeshe kuwafurahisha wako wangali wanaona.