Siri za Mpangaji Wangu

Juzi nilimsindikiza mpangaji wangu, mzungu anayechunguza popo, kwenye ofisi moja ya uhamiaji ya Nakasero kuongeza muda wa kibali chake cha kuishi nchini. Karani akasoma namba ya pasipoti kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Nikamkatiza.

"Mwanangu, mambo ya mgeni ni siri. Punguza sauti."

Akainama, akamnong'oneza mgeni: "Una ugonjwa wowote?"

Mgeni hajafungua mdomo, mimi nimeshajibu. "Mzima huyu. Ila maharage yanamfunga choo, nampa papai."

Foleni ikacheka. Karani akaweka kalamu chini. "Jaja, mzee wangu, na hilo niliandike?"

Alipoulizwa anaishi wapi, mgeni alinitazama, masikio mekundu, akasema bado anatafuta chumba.

Ofisi ile angalau ina kabati lenye kufuli la kufungia siri za watu. Mimi sasa, mgeni kahama, nina chumba kitupu Kyebando, na bado nawasimulia ninyi siri zake.