Nilifunika swichi ya roboti ya wanafunzi ili ipendeze, prefe akaja kukagua

Wakuu, habari za huko mliko. Niko Lubumbashi, kwa hiyo Kiswahili changu mkivumilie. Haya yalinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nianze na kosa: nilikuwa nachukua roboti za wanafunzi na kuzijenga upya kwa siri.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Waya ukipinda, nakosa raha. Roboti nilijifunza peke yangu kwa video za simu, kisha shule ya jirani ikanipa chumba na seti tatu za vipande vya kuunganisha, niwasaidie wanafunzi wa sekondari baada ya masomo.

Kundi la binti mmoja, Ngalula, liliunda roboti ya kuchambua mawe. Huku kwetu jiwe la kijani lina shaba, kila mtoto anajua. Roboti inasogea, kihisi cha rangi kinatazama jiwe, likiwa la kijani inalisukuma hadi kwenye boksi. Ikimaliza mawe kumi inasimama. Basi.

Kwa sura ilikuwa mbaya, wakuu. Nyaya zilitoka nje kama utumbo wa kuku.

Prefe, yaani mkuu wa shule, akatangaza kwamba Alhamisi atakuja kuamua kama chumba kibaki kwetu au kipewe darasa la ushonaji. 

Jumatano wanafunzi walipoondoka, nikabaki na roboti. Nikanyoosha nyaya. Nikaweka mkono wenye nguvu zaidi. Nikaandika programu mpya: itafute kijani popote kilipo, isiache mpaka kiingie boksini. Mwisho nikaiwasha ingoje kijani, nikafunika swichi kwa bamba, maana ilikuwa inaharibu muonekano.

Sikumwambia mtu. Nilidhani ni zawadi.

Alhamisi prefe akakaa kwenye benchi fupi, suruali ikapanda.

Soksi za kijani.

Roboti ilisukuma jiwe la kwanza vizuri. Kisha ikageuka, ikaenda moja kwa moja kwa prefe, ikaanza kumsukuma kifundo cha mguu kuelekea boksini.

Akasogeza mguu, ikaufuata. Akahamia mwisho wa benchi, ikazunguka. (Nakiri, kwa sekunde mbili niliona fahari. Programu ilikuwa safi kabisa.) Mwishowe prefe akapandisha miguu yote miwili na kukumbatia magoti pamoja na tai yake.

"Iko natafuta nini kwangu?"

"Mukuba, prefe," Ngalula akajibu. Mukuba ni shaba. "Soksi yako njo mukuba."

"Basi uizime."

Ngalula akaiinua, magurudumu yakizunguka hewani, akaipapasa pande zote. "Ya yetu ilikuwa na swichi hapa. Hii hatuijue."

Wanafunzi wote wakanitazama. Nilikuwa nimeshaandaa uongo kuhusu betri, lakini nikauacha. Nikasema ni mimi, nimeibadilisha jana.

Prefe hakushusha miguu. "Monsieur, ngoja inje. Batoto, mutengeneze yenu."

Nikasimama dirishani nusu saa. Ngalula aling'oa bamba langu kwa meno. Wakarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kwa ubaya wake wote. Roboti yao ilipatia mawe saba kati ya kumi. Prefe akauliza yale matatu yamekuwaje, wakamweleza kuwa mwanga wa dirisha unakidanganya kihisi. Akauliza tena na tena, wakajibu yote.

Akaamua chumba kibaki kwetu, ufunguo awe nao Ngalula.

Mmoja akauliza, na monsieur je? Ngalula akanitazama mikono.

"Aingie. Lakini mikono mu mifuko."

Somo nililopata: nilikuwa naogopa aibu yangu, si yao. Walimu na mafundi mliopo humu, ninyi mnajizuiaje? Semeni, hata kunicheka ruksa.

Tangu siku ile sijagusa roboti ya mwanafunzi bila kuombwa. Mwezi uliopita niliombwa mara moja tu, nishike mlango.