Mguu Mwepesi Ndio Unaokwenda

Victorine alipofika kwenye ukumbi wa kanisa pale Matonge, mtaa wa Wakongo ughaibuni, alikuwa hoi. Tangu alfajiri alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, akiwainua vitandani na kuwavika soksi. Sasa kulikuwa na mazoezi ya harusi ya Anaïs, binti wa dada yake, na watu wa kuwafundisha kuingia wakicheza nyuma ya maharusi.

Kila mtu na kichwa chake. Larissa, rafiki wa Anaïs, alitazama mara moja akashika. Hénock, kaka wa bwana harusi, hakuona faida ya kutazama, alitaka kuhesabiwa hatua. "Un, deux, trois, tantine, basi naweza."

Aliyebaki nyuma ni Papa Kalenga, baba wa bwana harusi. Ameonyeshwa, amehesabiwa, na bado wenzake walipokwenda kulia yeye alikwenda kushoto, akamkanyaga Larissa.

"Niko nakuona muzuri, maman," alisema. "Ila miguu haisikie."

"Bon, tuanze tena."

Wakaanza tena, yakawa yale yale. Sauti ilimkauka Victorine. Alitamani kumwambia mzee akae na wageni apige makofi. Akavuta kiti, akaketi.

Papa Kalenga akadhani ndiyo ameachishwa. Akaenda kuchukua koti lake, na Victorine akaona anavyotembea: kajikaza, hataki kuuamini mguu mmoja, kama wazee wa kule kazini wanaoogopa kuanguka. Wale hakuwa akiwahesabia hatua; aliwaonyesha pa kuweka uzito.

"Papa, ngoja. Shika hiki kiti. Weka uzito yote ku muguu wa kushoto. Ule mwingine unausikia namna gani?"

Mzee akafikiri. "Ni mwepesi."

"Donc ule mwepesi ndio unaenda. Kisha unahamisha uzito."

Akaenda, taratibu, upande uliotakiwa. Hénock akalalamika kwamba sasa yeye ndiye kapotea. Victorine akaanza kumhesabia upya, huku akimsogezea mzee kiti kila hatua. Mgongo ulimuuma.

Siku ya harusi Papa Kalenga aliingia akiachwa kidogo na muziki, uso kaukunja, lakini upande ni ule wa wenzake. Mkewe akapiga vigelegele. Victorine alitazama toka mezani, viatu kavivua.

Mama mmoja akamwinamia: naye alikuwa anamwoza binti yake, na familia yao haijui kucheza hata kidogo.

"Tutaongea, maman," Victorine akasema, akaomba maji.