Nasimiyu, Karani Aliyeokoa Soko la Mitamboni

Nimepigiwa simu mara tatu leo kuhusu kifo cha Nasimiyu, na bado nauliza watu, "Nasimiyu yupi?" Kama kuna mwingine!

Wenye hamkumjua: alikuwa karani wa rekodi hapa Mitamboni, hii sentaa yetu ndogo ukitoka Kitale kuelekea Kamukuywa. Tumekaa ofisi moja miaka mingi kuliko nimekaa na bwanangu.

Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Wanjiru, hapa faili haitoki. Hata mume wangu simpatii." Mume wake hakuwa ameomba.

Baraza la zamani la mji lilipovunjwa, bosi mpya akasema makaratasi yote ya zamani yachomwe. Nasimiyu akajibu, "Sawa, boss." Kisha akapakia minutes zote za vikao kwa wilbaro, akapeleka kwake, akazipanga ghalani juu ya mahindi.

Alizisoma zote. Ni yeye alinieleza kwamba madiwani wa kwanza walibishana vikao vitatu kuhusu mlango wa choo cha soko uangalie wapi.

Halafu mwaka jana tajiri mmoja akaja na fundi na mabati, akaanza kuzungushia soko ua. Ati ploti ni ya marehemu baba yake. Akina mama wa mboga wakaanza kufunga magunia huku wanalia.

Chifu akaita mkutano. Nasimiyu akaja amekumbatia kitabu kimejaa vumbi la mahindi.

"Soma tu pale pa ploti," chifu akamwambia.

"Minutes hatuluki, bana!" Kwake R na L zilikuwa zinapeana zamu. "Tunaanza na maombi ya kufungua."

Akasoma saa nzima. Tukajua nani alitoka kwenda kukamua ng'ombe na hakurudi. Mzee mmoja aliyeandikwa amelala akasimama kujitetea: "Nilikuwa nafikiria!"

Ndio akafika kwa ploti. Baba ya yule tajiri alisimama mbele ya kikao akaitoa iwe soko daima, "na akaomba iandikwe kwamba ana akili timamu na ameshiba."

Watu wakaanguka kicheko. Tajiri hakucheka. Aliinama akaangalia sahihi ya baba yake chini ya ukurasa, akasema, "Huu ni mkono wa mzee."

Akaambia fundi ang'oe mabati. Kisha akanong'ona, "Mama, nisomee tena hapo kwa baba."

Nasimiyu akamsomea mara mbili, polepole, bila hata kumtania. Na alikuwa mtu wa kutania!

Juzi nilimtembelea wodini. Akaniuliza, "Ofisi imefunguliwa?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe unafanya nini hapa?"

Nikacheka mpaka nesi akanifukuza. Hatukuongea tena.

Dada yangu, kesho tunakuzika, na akina mama wamesema hakuna wa kuuza hata sukuma wiki. Mimi sijui nitakunywa chai ya saa nne na nani. Haya, Nasimiyu. Umechoka, pumzika. Lala vizuri.