Sauti Yangu Ilivyomkalisha Wifi Eda

Jumanne moja asubuhi wifi yangu Hamisa alitoka chumbani kavaa nyeupe tupu, akatandika mkeka, akamwambia mama, "Nimeanza eda."

Eda ya nani? Ya braza wangu Salumu.

Ishu ni kwamba hakuna mtu aliyetuletea habari kuwa Salumu amekufa.

Aliyemuua ni mie. Kwa mdomo.

Nisikilizeni.

Braza alizamia meli miaka saba iliyopita, anakwenda Sauzi kutafuta maisha. Alitupigia Idi ya mwaka ule. Toka hapo, kimya.

Wifi hakuondoka kwetu Kipawa. Wanaume wamekuja kuposa, kadhi alishamwambia ana haki ya kuvunja ndoa. Jibu lake moja tu: "Mie mke wa mtu."

Mie niliishia la saba. Nafanya kazi kwa Ansbert, anatafsiri muvi. Chumba cha kurekodia kimezungushiwa magodoro ukutani, joto lake unaiva. Ansbert ndo anajua Kiingereza. Ananinong'oneza maana, mie nasema sauti za wanawake.

Mwezi wa tatu ikaja tamthilia ya Wagiriki wa kale. Ansbert alisema imetolewa kwenye utenzi wa zamani mno. Mfalme kaenda vitani, wakati wa kurudi kapotea baharini, miaka ishirini. Nyumbani wachumba wamejaa. Mkewe kawaambia atachagua mmoja akimaliza kufuma kitambaa, ila wakilala anakifumua, ili siku zisogee.

Wifi aliipenda mpaka basi. Kila sehemu ikitoka namletea kwenye flashi.

"Huyu mwanamke anajua," alikuwa akisema. Hakusema anajua nini.

Sasa, sehemu zinakuja moja moja, sie tunatafsiri bila kujua mwisho. Ilipofika ya saba Ansbert akakatika sauti kwa mafua.

"We si mtaalamu wa kusoma nyuso?" akaniambia kwa kukwaruza. "Malizia mwenyewe. Wateja wananisumbua."

Nyuso kweli nazisoma. Kiingereza najua salamu tu.

Kuna mahali mzee ombaomba kakaa mbele ya malkia. Anaongea polepole, malkia analia. Nikaona huyu kaleta msiba. Nikasogelea maiki, nikasema:

"Mumeo alikufa baharini. Msamehe, na wewe upumzike."

Nikajiona fundi. Nikampelekea wifi.

Siku mbili baadaye ndo zile nguo nyeupe.

Kesho yake ikaja sehemu ya nane. Yule ombaomba akavua matambara, akashika upinde.

Ndiye mume mwenyewe!

Nikakimbia nyumbani.

"Wifi, nilikosea! Yule mzee ndo mumewe! Hajafa!"

Akaniangalia kama mtoto aliyepotea njia. "We, unadhani mie nalilia muvi?"

"Kumbe?"

"Sauti yako naijua. Ulivyosema 'upumzike' ilitetemeka. Nikajua mna habari za Salumu, mmeshindwa kuniambia usoni, ukaamua kupitishia humo."

"Wallahi hatuna habari yoyote. Nilibuni, wifi. Sikuelewa hata neno."

Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, machozi yanamtoka.

"Vua basi, mwanangu," akamwambia.

Wifi akalinyoosha lile vazi magotini.

"Niacheni niimalize, mama. Miaka saba nasubiri, sijui mpaka lini. Hii najua. Miezi minne na siku kumi."

Mama akarudi jikoni na mwiko wake.

Sasa niwaambie ambalo nyumbani sijalisema. Sauti ilitetemeka kweli. Pale kwenye maiki sikuwa namwona malkia. Nilikuwa namwona wifi, nimechoka kumtazama kila simu ikilia anavyogeuka. Nilitaka apumzike. Nikampumzisha kwa kumzika kaka yangu.

Ndugu zangu, kama hujui, sema hujui. Usijaze pengo kwa maneno matamu, maana anayekusikiliza anaweza kuyafanya maisha yake.

Na wewe braza Salumu, hii nimeiandika kwa ajili yako. Muvi zetu zinafika mpaka huko Sauzi, labda na hii itafika. Kama uko hai, piga. Namba ya mama ni ileile.

Eda ya wifi imebakiza siku kumi na tisa.