Mzigo wa Watu Sita

Kila Jumamosi, akishamaliza chai yake, Amos Tordoff alichukua nyundo ndogo akashuka mtoni kugonga pini za daraja la Thornwath. Pini iliyokaa sawasawa hulia ikigongwa; iliyolegea hukohoa. Idara ya barabara ilimtaka afanye hivyo mara moja kwa mwezi tu, lakini Amos hakuwa mtu wa kupangiwa siku ya kulitazama daraja lile. Alilijenga kwa mabega yake mwenyewe. Na kile kibao pale mwanzoni, kilichoandikwa DARAJA LA MUDA, kilikuwa kinatimiza mwaka wa nane. Serikali ikikwambia muda, andaa wajukuu.

Lilijengwa mwaka 1943, mto Ure, kaskazini mwa Uingereza, ulipofurika ukalizoa daraja la mawe. Amos alikuwa askari wa uhandisi, na kikosi chao kilikuwa kikifanya mazoezi jirani. Daraja la namna ile ni fremu za chuma zinazounganishwa kwa pini, na kila fremu hubebwa na watu sita, watatu huku, watatu kule. Hakuna anayeinua wala anayetua kabla ya amri, maana kona moja ikitangulia, mgongo wa mtu umekwenda. Hao sita walikuwa Koplo Sugden, mtoa amri. Pickersgill, bingwa wa utani. Wengine watatu wasiopenda maneno. Na Amos, ambaye kona yake ilikuwa ya nyuma kushoto. Walibeba pamoja majuma mengi, hata wakawa wanavuta pumzi pamoja.

Mzee Jabez Kettlewell, fundi mawe aliyelitunza lile daraja la kale miaka thelathini, alikuja kila siku kuwabeza.

"Hilo ni daraja au kitanda cha hospitali?"

"Kitanda, mzee," Pickersgill akamjibu. "La kwako si limeshalala?"

Jabez alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake akarudi na keki ya tangawizi aliyooka mkewe, akawagawia huku akiwatukana.

Kisha siku tatu hakuonekana. Siku ya nne alikuja amevaa suti nyeusi, kofia mkononi. Hannah, mkewe, alikuwa amefariki, yumo sebuleni ndani ya jeneza. Makaburi yalikuwa ng'ambo, kando ya kanisa, na huko ndiko alikolala mtoto wao wa kwanza. Njia ya kuzunguka nayo ilikuwa chini ya maji.

"Sitaki azikwe kwa watu," Jabez alisema. "Nataka awe na mtoto wake."

Sugden alizitazama mbao za sakafu zilizobaki. "Saa nane litakuwa tayari, baba. Lori la kulijaribu daraja litangoja. Mama atatangulia."

"Na wa kumbeba? Vijana wote wa hapa wako vitani."

"Kwani sisi hapa hubeba nini kutwa nzima?"

Wakambeba. Walipofika katikati, Jabez akaomba wamtue kidogo. Pale pale, kwenye daraja la mawe, palikuwa na kipembe cha kupishia mikokoteni, na ndani ya kipembe hicho ndimo Hannah alimoikubali posa yake. Sugden akasema kwa sauti ya chini, "Tua." Wote sita wakakunja magoti kwa pamoja, na jeneza likagusa mbao bila mlio. Mzee akatazama maji.

"Na mimi mtanibeba hivi hivi?" akauliza.

"Sisi sita, mzee," Pickersgill alisema. "Ila usiwe na haraka, tuna vita kidogo ya kumaliza."

Vita ikawapeleka Italia. Kwenye mto mmoja wa huko, Sugden alimrudisha Amos nyuma kufuata mfuko wa pini uliosahauliwa, na askari mwingine akashika kona yake. Kombora likawakuta fremu ikiwa mikononi. Amos alirudi na mfuko wake, na hapakuwa na wa kumpa. Jina la yule aliyeshika kona yake Amos hakupata kulijua kamwe.

Vita ilipokwisha hakurudi kwao. Alikuja Thornwath, akagonga mlango wa Jabez. Mzee alimtazama, akatazama nyuma yake, akaona hakuna wengine. Alimvutia kiti. Tangu hapo kila Jumapili walikula pamoja, na ile ahadi hakuna aliyeitaja, ingawa Amos hakupata kuisahau hata siku moja. Aliyekuwa amebaki kuitimiza ni yeye peke yake.

Jabez alifariki Novemba 1951. Dorcas, binti yake, alimfuata Amos darajani.

"Mwenye kampuni ya mazishi ana watu wake wa kubeba, Amos. Wewe utatembea na mimi."

"Niliahidi."

"Mliahidi sita. Baba alijua yaliyotokea, ndugu yangu. Hakukuwekea kinyongo."

"Najua. Lakini mimi bado nipo."

Basi akajitafutia watano: tarishi, mchinja nyama, mwalimu na wafugaji wawili wa kondoo. Walikuja na viatu vilivyong'aa, wakampa kona ya nyuma kushoto bila kuuliza. Walikuwa watu wema kabisa, na Amos aliona uchungu kwa sababu tu hawakuwa wale watano wa zamani.

Kulikuwa na ukungu. Walipokaribia katikati, Amos alianza kusikia pumzi za wenzake, akajua pa kusimama bila hata kutazama. Hakuwa amewaambia lolote juu ya mahali pale. Haikumjia akilini kwamba mtu aliye naye chini ya mzigo huhitaji kuambiwa.

"Tua," akasema kwa sauti ya chini, akakunja magoti.

Ikashuka kona yake peke yake.

Jeneza likalala upande, na ndani yake kitu kikasogea.

"Amos!" tarishi akapiga kelele. "Inua, bwana! Inua! Una nini?"

Akarudisha bega lake. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya kijiji kizima na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Samahanini," alisema. "Nilidhani..."

"Twende, bwana, mzee mzito huyu."

Wakaendelea mpaka ng'ambo bila kumtua.