Pole Iliyotangulia Majibu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kompyuta. Afisa Utumishi wa halmashauri, mtu mnene aliyependa suti za Kaunda, alinipeleka kwenye chumba chenye kufuli mbili, akafunua kitambaa cha kufuma kilichofunika mashine, akaniambia, "Kijana, hii ni mali ya serikali. Leo uiangalie tu." Nikaiangalia mpaka saa za kazi zikaisha. Kesho yake akanipa funguo, na kabla sijavuta kiti akaniomba nimfungulie barua pepe za mhasibu ili aone anaandikiana na nani. Nikamjibu kwamba barua za mtu ni za mtu. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Barua ya kwenye bahasha, sawa," akasema. "Hizi zinaelea tu humo ndani. Mwenyewe nani?"

Swali hilo limenifuata katika utumishi wangu wote, na sasa nimestaafu bado ninaulizwa na watu wenye shahada mbili. Wameondoa kitambaa cha kufuma, wameweka mashine bapa za kisasa, lakini swali ni lile lile. Ndiyo maana naandika. Vijana mnaosomea TEHAMA mnajifunza namna ya kuunganisha mitandao na kuandika programu, na hayo ni mazuri. Mkifika kazini mtagundua kwamba mashine ndiyo sehemu rahisi.

Mimi ni mzaliwa wa Kintinku. Nilianza kwa cheo cha mwendesha kompyuta, nikamaliza nikiwa Afisa TEHAMA, na kati ya hapo nimezunguka mkoa wa Singida kwa pikipiki, kwa lori la mahindi na kwa miguu. Nilipelekwa Rungwa kufunga mashine inayotumia umeme wa jua, nikarudi baada ya muda kuikagua nikakuta nyuki wamehamia kwenye boksi la betri. Wenyeji, ambao ni warina asali wa siku nyingi, walinikataza kuwafukuza mpaka wapate mzinga wa kuwahamishia. Nikangoja. Hilo halikuniudhi hata kidogo, kwa sababu nyuki hawajawahi kuniomba pasiwedi ya mtu.

Niseme kidogo kuhusu hiyo pasiwedi. Wataalamu wa lugha wanaiita nywila, na vitabu vingine vinasema neno la siri. Ni neno unaloliandika ili mfumo ujue kwamba ni wewe na si mwingine. Likishatoka mdomoni mwako, mfumo hauna tena namna ya kukutofautisha na jirani yako. Nimeyasema haya kwenye semina, kwenye vikao, kwenye korido, hata msibani kuna mtu aliniuliza nikamweleza. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Watu wetu tumelelewa kwamba kumficha ndugu ni roho mbaya, na ukimnyima mwenzako neno dogo kama hilo anakuona umeanza kujisikia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Lilitokea katika kituo cha afya kimoja kando ya barabara kuu, pale malori yanapolala. Sitakitaja. Mwanamke ninayetaka kusimulia habari zake nitamwita Zuhura, na jina hilo si lake. Ugonjwa nitauita kifua kikuu, na huenda haukuwa huo. Msijisumbue kumtafuta, wala msinipigie simu kunibembeleza.

Tulikuwa tumefunga mfumo mpya wa kutunza taarifa za wagonjwa. Zamani mgonjwa alikuwa na faili la karatasi, na ili ulisome ilibidi uinuke, ulitafute kwenye rafu, watu wakuone. Katika mfumo, taarifa zote zinakaa kwenye seva, yaani mashine mama, na yeyote mwenye akaunti anazisoma akiwa amekaa na kikombe chake cha chai. Kwa hiyo kila mtumishi hupewa akaunti yake na mpaka wake: wa mapokezi aone jina na siku ya kuja, wa maabara aone vipimo, daktari aone yote. Niliupanga hivyo mwenyewe na nikaukabidhi ukiwa safi.

Niliporudi kukagua nikakuta kituo kizima kinatumia akaunti ya Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo. Pasiwedi yake ilikuwa imebandikwa kwa plasta ya vidonda juu ya kioo cha kompyuta ya mapokezi.

"Mganga, hii nini?" nikamuuliza.

"Kurahisisha kazi, Afisa. Hapa sisi sote ni ndugu. Siri ya nini kati ya ndugu?"

Nikaibandua ile plasta. Nikasimama pale mpaka kila mtu akajiwekea pasiwedi yake, nikawasihi wasimwambie mtu. Walivyomaliza wakanitajia wenyewe kwa furaha, mbele ya wagonjwa waliopanga foleni: Mganga Mfawidhi alikuwa karibu1, nesi mkuu karibu2, wa maabara karibu3, wakishuka hivyo kwa kufuata vyeo mpaka kwa mlinzi, ambaye hakuwa hata na akaunti. Nilishika kichwa. Niliandika taarifa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, bosi wa waganga wote wilayani, naye akanijibu kwamba ataifanyia kazi. Haikufanyiwa kazi.

Kwenye mapokezi alikuwepo Mama Joeli. Nataka mumwelewe vizuri mama huyu, maana mkimfikiria mbaya mtakosa somo lote. Alikuwa wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Mtu akiugua mtaani, uji wa Mama Joeli ulimfikia kabla ya dawa. Siku moja, kwa karibu1 ya Mganga Mfawidhi, alifungua majibu ya maabara ya Zuhura, mwanamke aliyeuza chakula kwa madereva wa malori. Akaona kifua kikuu. Roho ikamuuma kweli kweli. Alipotoka kazini akafunga unga wa uwele kwenye kitenge, akachukua jogoo, akawapitia wanawake wawili wa jumuiya, wakaenda kumpa pole.

Zuhura alikuwa ameambiwa arudi kituoni kesho yake kuchukua majibu. Alikuwa anaosha sufuria, na benchi lake limejaa madereva wanakula ugali. Akawaona wageni watatu na jogoo.

"Karibuni. Kwema?"

"Pole sana, mdogo wangu," akasema Mama Joeli, machozi yakimtoka. "Pole. Kifua siku hizi kina dawa. Usikate tamaa."

"Pole ya nini, dada?"

Hivyo ndivyo alivyojua. Hakuambiwa na daktari kwenye chumba kilichofungwa mlango, akaelezwa kwamba akimeza dawa vizuri atapona na baada ya muda hatamwambukiza mtu. Aliambiwa na jogoo, mbele ya wateja. Madereva waliacha ugali mezani, mmoja mmoja, na kesho yake hakuja hata mmoja.

Mganga Mkuu wa Wilaya aliniita ofisini kwake. Nilidhani ananiita ili tuufunge mwanya. Kumbe aliniita anitulize.

"Sasa huyu mama tumwadhibu kwa kosa gani?" akaniuliza. "Kwamba alipeleka unga? Tutachekwa. Tutafute mbuzi, wazee waende kuomba radhi, yaishe."

"Mbuzi atarudisha wateja?"

"Usiwavunje moyo watumishi wangu, Afisa. Wanafanya kazi katika mazingira magumu."

Hasira zilinipanda. Nikamwambia, "Bosi, kesho na wewe ukapime. Majibu yako nitakuletea mimi, pale kantini, wakati wa chakula cha mchana, nikiwa na kuku kwapani. Nitalia pia."

Akageuza geuza kalamu yake. Mwishowe akasema, "Kaweke hiyo mipaka yako." Alisema kwa uchovu, kama mtu anayenipa ruhusa ya likizo.

Nikaenda. Nikazifunga akaunti zote za karibu, nikafungua mpya, na ya Mama Joeli ikaishia kwenye jina na siku ya kuja. Alinifuata nje nikiwa nafunga mzigo kwenye pikipiki.

"Kaka yangu, nijibu hili tu," akasema. "Ukiugua wewe, watu wasije? Ulale peke yako kama mkiwa?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mabosi. Kwetu mgonjwa asiyetembelewa ametupwa, na mimi mwenyewe nisingetaka kuugua hivyo. Nikamwambia, "Waje, dada. Lakini mimi ndiye wa kuwaita. Ugonjwa wangu nikiuleta kwako, nipe pole. Ukiuchukua mwenyewe kwenye mashine, umeniibia, hata kama umekuja na jogoo." Alitikisa kichwa. Sijui kama alinielewa, ila hakunisalimia tena kwa uchangamfu wa zamani, na nilikosa sana uji wake.

Hata wiki haijaisha, Zuhura akaja ofisini kwangu wilayani. Alikuwa amejitanda khanga mpaka puani.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye mwenye ile mashine?"

"Marahaba. Mimi ndiye ninayeitunza."

"Nifute."

Nikamweleza kwamba taarifa za mgonjwa hazifutwi. Daktari wa kesho lazima ajue dawa ya leo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Basi zikae," akasema. "Mimi sirudi pale. Dawa zao wameze wenyewe."

Aliinuka. Vijana, naomba mpaelewe hapa. Mnafikiri taarifa ikivuja kinachopotea ni siri. Mbele yangu alisimama mtu anayekwenda kufa kwa ugonjwa unaotibika, kwa sababu mfumo nilioufunga kwa mikono yangu ulikuwa umempa haki ya kutotuamini. Nikamwomba akae. Mimi si mganga, siruhusiwi kumhamisha mgonjwa, na sikujifanya ninaruhusiwa. Nilimpeleka mlango wa tatu kwa mratibu wa kifua kikuu wa wilaya, mwanamke makini asiye na maneno mengi, nikamwambia mgonjwa huyu anataka uhamisho kwenda kituo kingine, mbali. Kisha nikatoka nje, nikavuta mlango. Walizungumza muda mrefu. Walichozungumza sikijui, na sitaki kukijua.

Niliyoifanya baadaye ni kazi yangu tu: nilihakikisha kwamba huko aendako taarifa zake zinafunguliwa na mtu mmoja anayempa dawa, kwa akaunti yake mwenyewe. Kuanzia hapo sikuwahi kumtafuta kwenye mfumo. Nilikuwa na uwezo huo kila siku, kwa kubonyeza vitufe viwili, na kuna siku vidole viliniwasha kujua kama yuko hai. Nilijizuia mpaka nikastaafu. Hayo ndiyo maadili ya kazi, kama mnataka tafsiri yake. Ni kuwasha kwa vidole na kuviacha viwashe.

Siku hizi nakaa nyumbani, na hasira zangu zimepata chakula kipya. Kuna kundi la simu la mtaa ambako picha za wagonjwa wakiwa kitandani hurushwa kabla hawajazinduka, zikiwa na maneno "tumwombee". Nilitoka kwenye kundi, wakanirudisha. Nikatoka tena, wakamtuma mjumbe aje kuuliza nimekasirishwa na nini. Nilimweleza mpaka mate yakanikauka, naye aliponiaga akanipiga picha.

Mwaka jana nilisafiri na mke wangu kwenda harusini. Njiani basi lilisimama kwenye mji mmoja, hata mkoa siutaji, tukaingia kwenye mgahawa uliojaa watu. Aliyekuja kutuhudumia alikuwa Zuhura. Amenenepa, ana wasaidizi wawili anaowafokea vizuri. Tulitazamana.

"Shikamoo mzee. Karibuni, mtakula nini?"

"Marahaba, mama. Wali nyama."

Nikainamisha macho kwenye meza. Sahani zilipokuja, yangu ilikuwa na nyama mara mbili ya sahani ya mke wangu, na juu yake mfupa wenye uboho. Mke wangu akazitazama zote mbili, akamtazama Zuhura aliyekuwa ameshageuka, akaniinamia.

"Yule mama mnajuana?"

"Hapana," nikamjibu. "Labda ameona nimekonda."